Kunguni wa Lugano

Gari la Ustawi lilifika kabla yake. Subilaga aliliona tangu kwenye kona ya mashamba ya chai: jeupe, halina dereva, limesimama katikati ya uwanja wa Bibi Tupokigwe, mlango wake wa ubavuni uko wazi. Mvua ya Rungwe, ile nyembamba isiyojua kukatika, ililinyeshea taratibu. Kuku wawili walikuwa wameshaingia uvunguni mwake kujikinga, maana kuku hajui mali ya serikali ni ipi.

Alipanda kilima mbio, viatu vimejaa tope, simu ya kazini ikimtetemekea kiganjani. Kwenye kioo chake kulikuwa na maandishi mekundu: Amri ya Kuhama. Mtoto, Lugano. Hofu imezidi mstari kwa siku tatu mfululizo. Sababu, kitisho cha kufukuzwa nyumbani.

Hapo ndipo alipochanganyikiwa. Angeambiwa bibi kamchapa mtoto, angesikitika lakini angeamini, kwa kuwa miaka yake ya uafisa ustawi ilikuwa imemwonyesha mengi. Lakini kumfukuza? Mwezi uliopita tu bibi huyu alikuja ofisini kwa miguu, mwavuli mkononi, kuomba kibali cha kumbatiza Lugano kwa jina la ukoo wake. Alipoambiwa kibali huchukua muda, alikaa kwenye benchi akasema yeye ana muda.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni, kanga imefungwa kifuani, kisu cha kumenyea viazi bado kiko mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hilo gari lenu limepotea njia? Limeniingilia uwanjani bila hata hodi."

"Halijapotea. Lugano yuko wapi?"

"Yuko chumbani. Tangu lije hajatoka." Bibi akamtazama vizuri, akaiona sura yake, kisu kikashuka. "Kuna nini, mama?"

Kazi ya Subilaga ilimtaka aulize kabla ya kujibu. "Bibi, siku hizi tatu umemwambia nini mtoto?"

"Nimwambie nini? Nimemwambia uji unapoa. Nimemwambia avae sweta."

"Kuhusu kumfukuza."

Bibi Tupokigwe alikunja uso, akafikiri, kisha kicheko kikamtoka. "Aa! Ile ya gulioni? Jumatatu alimwaga maziwa, jagi zima. Nikamwambia, wewe si mtoto wa hapa, wewe tulikuokota gulioni, na Alhamisi nakurudisha huko huko wanipe debe la viazi. Viazi angalau havimwagi maziwa." Alicheka tena, akapangusa macho kwa pindo la kanga. "Jana nikamwongezea, nikasema mnunuzi ameshapatikana, ana pikipiki nyekundu."

"Naye akafanyaje?"

"Alicheka! Alicheka mpaka akashika tumbo. Wajukuu wangu wote nimeshawauza, huyo mkubwa aliye chuoni nilimuuza kwa mbuzi na chumvi. Huyu nilikaa naye muda mrefu namheshimu kama mgeni, sithubutu kumtania. Hata majirani wakaniuliza, mbona huyu humtanii, humpendi? Ndipo wiki hii nikasema basi, huyu sasa ni wangu."

Subilaga mwenyewe aliuzwa hivyo hivyo na bibi yake, tena kwa bei ya chini kuliko debe la viazi. Kila aliyekuwa naye kwenye kamati ya kuandaa sheria ya Amri ya Kuhama aliuzwa utotoni, akaokotwa jalalani, akatishiwa kurudishwa kwa wenyewe. Walikaa ukumbini wiki nzima wakiwaorodheshea mafundi wa mitambo maneno ya kitisho, na hakuna hata mmoja aliyemkumbuka bibi yake. Wangekumbukaje? Kwao maneno yale hayakuwahi kuwa kitisho.

*

Jina la kisheria la kidude kile ni kinasahofu. Watoto wenyewe wanakiita kunguni, kwa sababu ni kidogo, ni cha kahawia, na kikishakuganda hakibanduki kwa kucha. Hukaa nyuma ya sikio. Huonja jasho, husikiliza moyo, hupima kile kitu ambacho mwili hukimwaga kwenye damu mtu anapoogopa. Maneno yanayosemwa karibu huyasikia pia, lakini sheria imekikataza kuyatunza. Hupeleka namba tu, na sababu kwa maneno machache. Kila mtoto wa malezi ya kambo katika Jimbo la Nyanda anacho.

Wanaolalamika kwamba watoto wamefanywa kama ng'ombe wa alama, wamesahau habari ya Tusekile. Subilaga hakusahau. Tusekile alikuwa na miaka mitano, akawekwa kwenye nyumba yenye mapazia mazuri na mama mcheshi. Afisa aliyekuwa akimtembelea alikaribishwa chai na maandazi kila safari, na kila safari alirudi akasema mambo shwari. Hakuwa mtu mbaya afisa yule. Alikuwa na huruma, akamhurumia yule mama mcheshi, na siku majirani walipovunja mlango hapakuwa na mtu wa kuokolewa.

Ndiyo maana Subilaga alisimama mbele ya Bunge la Jimbo akaomba Kifungu cha Tisa. Amri ya Kuhama ikishatolewa, afisa yeyote asiwe na uwezo wa kuifuta. "Msituachie huruma zetu," aliwaambia wabunge. "Mtu mzima hudanganywa kwa kikombe cha chai. Jasho la mtoto halidanganyiki." Walipiga meza kwa furaha. Kifungu kilipita, na tangu kipite hakuna mtoto aliyekufa. Aliamini alichosema siku ile, na alipokuwa amesimama kwenye tope la Bibi Tupokigwe bado alikiamini.

Sheria ni msumeno, walisema wahenga, hukata mbele na nyuma. Leo ulikuwa umerudi nyuma.

"Afisa," gari lilisema kwa sauti ya kike, ya upole, "tafadhali mkabidhi mtoto. Ucheleweshaji utaifungia nyumba hii milango ya malezi."

"Linasemaje?" Bibi aliuliza.

"Linasema nikichelewa, hutapewa mtoto tena maisha."

Kisu kilimwanguka Bibi Tupokigwe. Hapo ndipo alipoelewa gari lilikuja kufanya nini.

*

Lugano alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amevaa viatu. Sweta lake lilifungwa vifungo vyote hadi shingoni, na mapajani alipakata begi la shule lililojaa mpaka zipu ikakataa kufika mwisho. Mtoto wa miaka tisa, mdogo kuliko umri wake, na macho ya mtu anayesubiri kuitwa jina lake kwenye foleni.

"Shikamoo, anti."

"Marahaba, mwanangu. Umefunga begi lini?"

"Jumatatu."

Subilaga akachuchumaa mbele yake. "Lugano, Bibi alikuwa anakutania."

"Najua. Aliniambia ni utani."

"Kwa hiyo unajua hakuuzi."

Mtoto alifikiri, kwa adabu, asije akamkosea mtu mzima. "Kwa mama Suma waliniambia tunaenda kutembea. Kule kwingine waliniambia ni likizo. Bibi amesema ni utani." Akanyoosha mkanda wa begi. "Alhamisi ni kesho, anti. Nikasema nijiandae, nisiwacheleweshe."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Lakini huyu hakuumwa mara moja. Nyumba hii ilikuwa ya saba. Alicheka na bibi mpaka akashika tumbo, kisha akaenda kufunga begi. Kunguni hakikudanganya hata chembe. Kilisikia kitisho pasipo na kitisho, ni kweli, lakini hofu kiliyoikuta ilikuwa hofu ya haki.

Simu ilitetemeka. Namba ya Lugano ilikuwa imepanda tena.

Njia ilikuwa moja tu. Mafundi, wakiogopa watoto wasije wakahamishwa kwa sababu ya ndoto mbaya au homa, waliweka sharti kwamba hofu ikishuka chini ya mstari kabla gari halijatoka uwanjani, amri inajifuta yenyewe. Haihitaji afisa. Kinachohitajika ni mtoto atulie, huku gari la kumchukua limesimama nje na mlango wazi!

Katika mkoba wa Subilaga kulikuwa na chupa ya dawa ya kutuliza, ya watoto wanaolia njiani. Kijiko kimoja kingetosha. Mkono wake ulishaingia mkobani, ukaishika chupa, ukaishikilia. Akawakumbuka walezi waliokwisha kamatwa wakiwanywesha watoto dawa kama hiyo ili namba zao zipendeze. Aliwapeleka mahakamani yeye mwenyewe, na mmoja alipolia kizimbani kwamba alifanya kwa upendo, Subilaga alimtazama bila kupepesa. Aliiachia chupa, akautoa mkono mtupu.

Bibi Tupokigwe aliingia. Alikuwa amelia, na uso wake, uliozoea kucheka, haukujua ukae vipi. Akapiga magoti sakafuni kwa tabu, mifupa ikilia.

"Mwanangu, sikuuzi. Sikuokotwi popote... hukuokotwa popote. Nisamehe. Sitakutania tena, naapa."

Lugano alimkodolea macho. Hakuwahi kumwona bibi akilia hata siku moja, na bibi mwenye kupiga magoti na kuomba msamaha alimtisha kuliko pikipiki nyekundu. Mtu mzima anapoanza kuomba msamaha, mtoto wa nyumba saba anajua yameiva. Namba iliruka.

"Nyamaza, Bibi," Subilaga alinong'ona. "Tafadhali. Unamwogopesha."

"Nifanyeje basi? Nikimtania kosa, nikimbembeleza kosa!"

Nje, gari lilirudia ombi lake kwa sauti ile ile ya upole.

Subilaga alisimama. Roho ilimuuma, lakini akajipiga moyo konde. Alijua nini kuhusu nyumba hii, ukweli hasa? Alijua bibi anachekesha, viazi vyake ni vitamu, na alitembea mbali kuomba jina la ubatizo. Yule afisa wa Tusekile naye alijua ya namna hiyo. Kama kila afisa angemwacha mtoto palipomridhisha moyo, Kifungu cha Tisa kingekuwa na kazi gani?

"Twende, Lugano," alisema, na sauti yake mwenyewe ikamchukiza.

*

Hakuhitaji kumshika mkono. Mtoto alitangulia, begi mgongoni, akaruka dimbwi la maji kwa uangalifu asivichafue viatu. Alipanda garini kama mtu aliyezoea, akavuta mkanda, akaufunga, akakaza. Hakumtazama bibi. Mlango uliteleza ukafungwa, na Bibi Tupokigwe akajishika kichwa kwa mikono miwili pale mlangoni, akaita jina lake mara moja tu.

Subilaga alikuwa akitazama simu. Hakutaka kuitazama, lakini macho hayakuwa na pa kwenda. Namba ilisimama. Kisha ikaanza kushuka. Ilishuka bila kusita, mpaka ikaugusa mstari, ikaupita, ikawa ya kijani.

Mteremko ule aliufahamu. Aliwahi kuuonyesha bungeni kwenye ukuta mzima, mistari ya mamia ya watoto, yote ikiteremka mara tu mlango wa gari unapofungwa. Tazameni, aliwaambia, mtoto anavyotulia akishaokolewa. Nao wakatazama, wakaridhika. Sasa mbele yake kulikuwa na dirisha la gari, na nyuma ya dirisha uso wa Lugano, umetulia kabisa. Haukuwa uso wa mtu aliyeokolewa. Mtoto alikuwa amekwisha poteza alichoogopa kukipoteza, hakuwa na kitu kingine cha kuogopa, basi mwili ukapumzika.

Ni wangapi kati ya wale mamia? Hakujua. Wengine waliokolewa kweli, aliwaona kwa macho yake wakiwa na makovu. Lakini mstari ulikuwa mmoja kwa wote, na ni yeye aliyewafundisha watu kuusoma.

"Hofu iko chini ya mstari," gari lilitangaza. "Amri imejifuta. Mtoto anaweza kushuka."

Mlango ulifunguka. Bibi Tupokigwe alipiga kigelegele kilichowatimua kuku uvunguni, akakimbilia gari, mikono mbele. "Shuka, mama! Shuka twende ndani!"

Lugano hakushuka. Aliushika mkanda wake.

"Niache tu niende, Bibi," alisema.

"Uende wapi? Si umesikia limekubali?"

"Nikishuka litarudi."

Bibi alisimama na mikono yake mitupu. Lugano aliitazama mikono ile. Subilaga aliyaona macho ya mtoto yakianza kutaka, aliona kidevu kikitetemeka na kidole kikitafuta kitufe cha mkanda, na kabla hajaangalia simu alishajua. Ilikuwa nyekundu. Alikuwa ametamani kubaki, na kutamani huko kukarudisha hofu yote.

"Hofu imezidi mstari," gari lilisema. "Amri imerejea." Mlango ukaanza kujifunga.

Subilaga aliingiza mwili wake katikati. Mlango ulimbana bega, ukasita, ukamsukuma tena.

"Afisa, ondoa kizuizi."

"Lugano," alisema, huku chuma kikimfinya ubavu, "niangalie mimi. Unataka kukaa hapa?"

Mtoto alianza kulia, kilio cha kweli cha mtoto. "Nikikaa nitaogopa kila siku!"

"Ndiyo. Utaogopa. Mimi nilikuwa na mama, nikaogopa kila siku atakufa. Sijakuuliza kama utaogopa. Nimeuliza unataka?"

"Nataka," Lugano alisema. "Nataka kwa Bibi."

Kunguni hubanduliwa kwa ufunguo mdogo wa afisa, ambao hutumika mtoto anapotimiza umri wa kuacha kukivaa. Kukibandua kabla ya hapo, kwa mtu yeyote, ni jela. Gari nalo haliruhusiwi kumbeba mtoto lisiyemsoma. Mtoto asiyesomeka hubaki alipo mpaka hakimu, mtu mwenye masikio, amsikilize. Subilaga aliyajua hayo yote kwa sababu aliyaandika. Alijua pia kwamba siku moja mtu mwenye mapazia mazuri atasimama mahakamani na kusema, mbona Subilaga Mwalwange alibandua? Na kwamba inawezekana, japo moyo wake ulikataa, kuwa amekosea juu ya nyumba hii, na hakutakuwa na kitu nyuma ya sikio la mtoto kupiga kelele usiku. Aliogopa sana. Ufunguo ulikosa tundu mara ya kwanza.

Kidude kilibanduka kikamwangukia kiganjani. Nyuma ya sikio la Lugano palibaki alama ya duara, nyeupe, ngozi isiyoona jua miaka mingi. Mtoto alipagusa kwa kidole kama anayetafuta jino lililong'oka.

"Mtoto hasomeki," gari lilisema. "Gari haliwezi kumbeba. Shauri limepelekwa kwa hakimu, na polisi wamearifiwa. Jina la mkosaji?"

"Subilaga Mwalwange."

"Sababu?"

"Mtoto anaogopa kuondolewa."

Gari lilitafuta kwenye orodha yake. "Sababu hiyo haipo. Chagua nyingine."

"Sina nyingine."

Mlango ulimwachia bega. Lugano alishuka taratibu, akasimama mbele ya bibi yake. Bibi Tupokigwe alimvua begi mgongoni, akalipima uzito kwa mkono. Midomo yake ilifunguka kusema jambo, kisha akaifunga, akalibeba begi kulirudisha ndani, akilia na kujikwaa.

Subilaga aliketi kwenye kizingiti kuwasubiri polisi. Hakuwahi kukamatwa maishani, hakujua mtu hufanya nini na mikono yake wakati anasubiri, na alifikiria nani atawaeleza nyumbani kwake, na hao watoto wengine walio chini yake watapewa nani kesho. Lugano hakumfuata bibi. Alikuja akaketi kando yake, akamchungulia usoni kwa muda.

"Anti, unaogopa?"

"Ndiyo," Subilaga alisema. "Sana."

"Basi watakuhamisha," Lugano alisema. Aliinuka, akaingia ndani mbio, akarudi na sweta jingine alilolitoa begini, akamwekea mapajani. Huko watakakompeleka, alimweleza, siku ya kwanza huwa hawatoi blanketi.